Mzee Kigen na Maziwa ya Ndugu Yake

Tarehe thelathini Juni 2025, Mzee Wilson Kigen anavua koti jeupe la kupokelea maziwa baada ya kuutumikia Ushirika wa Maziwa wa Kapsirwo, hapa Rongai, kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa Mei 1991 akiwa kijana mwembamba mwenye viatu vya kuazima. Katika muda huo wote alichelewa kazini mara moja tu, asubuhi ambayo ng'ombe wake alikuwa anazaa, na hata siku hiyo alituma mtu aje kuomba radhi.

Bodi imeniomba mimi, Milcah Nerima, karani wa mapokezi, niandike wasifu huu kwa kuwa nimekaa naye meza moja kwa miaka ishirini na miwili. Niliagizwa ujae ukurasa mmoja na uwe na mambo mazuri tu. Kwa Mzee Kigen mambo mazuri si haba. Shida ni sisi wengine tuliomzunguka.

Alianza kwa kuosha mitungi. Mwaka 1996 akapandishwa cheo kuwa mpimaji, kazi ya kutumbukiza laktomita, kile kipimo cha kioo kinachoelea, ndani ya maziwa ya kila mkulima. Kikizama kupita alama, maziwa yana maji na yanarudi nyumbani. Mzee Kigen aliyaita maziwa ya namna hiyo "yaliyobatizwa", na alikuwa akiwaambia wenye mitungi kwamba ubatizo ni wa watu. Mwaka 2005 alimrudishia maziwa Bwana Kipruto, wakati huo mweka hazina, leo mwenyekiti wetu. Wengine wetu tungekohoa na kutazama pembeni. Yeye aliandika "maji" kwenye kitabu, akamtakia siku njema, akamwita anayefuata.

Julai moja yenye baridi kali alimvulia mlinzi wetu Ngigi koti lake kwa sababu nyumbani alikuwa na lingine. Kumbe lile lingine alikuwa amempa mtu wiki iliyotangulia. Akafanya kazi mwezi mzima amejifunga gunia la plastiki mabegani, tukamcheka mpaka machozi. Bodi ikaona aibu ikamnunulia koti jipya, naye akakaa nalo siku nne tu. Tulimwambia Injili si ya kufuatwa hivyo, neno kwa neno. Akatuuliza kama kuna namna nyingine.

Sisi ni watu wa kusali sana hapa Kapsirwo. Kila Jumatatu saa moja asubuhi tunasimama kati ya mizani na tangi, mwenyekiti anafungua Biblia, tunaimba, tunasema amina, halafu tunaanza kazi kama watu ambao hawakusikia kitu. Mzee Kigen ndiye peke yake aliyekuwa akisikia, na hilo ndilo lililomponza.

Agosti 2009, mwaka wa ukame, maziwa ya Kimaiyo yalizamisha kipimo siku tatu mfululizo. Kimaiyo ni ndugu yake mkubwa, tumbo moja, na shamba lake lilipakana na kiwanda. Alikuwa mzee wa kanisa. Sheria yetu ilikuwa kwamba siku tatu zikifuatana, namba ya mkulima inafutwa na jina lake linaandikwa kwenye ubao wa langoni ili kila mtu alione. Mzee Kigen hakumpendelea ndugu yake. Alisoma kipimo kwa sauti mbele ya foleni nzima, na mimi ndiye niliyeandika jina ubaoni. Niliandika kwa herufi kubwa. Nasema ukweli, nilifurahia kidogo, kwa sababu Kimaiyo alizoea kutusahihisha mavazi yetu kanisani.

Kimaiyo alikana. Alisema hajaongeza hata tone, akaapa, na hakuna aliyemsikiliza. Kanisa likamvua uzee. Akauza ng'ombe zake watatu, akafunga boma, akahamia kwa binti yake huko Kiamunyi. Ndugu hao wawili wakaacha kusemezana. Mzee Kigen alipongezwa na bodi kwa uaminifu wake, na mfano wake ukatumika kwenye mahubiri ya Jumatatu kwa miaka kumi.

Mwaka 2019 tuliletewa mashine ya kupimia ya umeme, na mwalimu akaja kutoka mjini kutufundisha, binti mmoja aitwaye Chelimo. Katikati ya somo, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote, alisema kwamba laktomita haisomi sawa kwenye maziwa yenye joto la ng'ombe. Maziwa ya moto huzamisha kipimo kana kwamba yametiwa maji. Lazima yapoe kwanza.

Mzee Kigen aliweka kalamu mezani. Wakulima wetu wengi hutoka mbali, na baridi ya asubuhi huyapoza maziwa njiani. Kimaiyo alikuwa jirani, akitembea hatua mia mbili tu. Miaka yote alikuwa akiusimamisha mtungi wake ndani ya birika la saruji lenye maji baridi kabla ya kuuleta, lakini wiki ile birika lake lilikuwa limepasuka na maji hayakuwepo. Sote tulilijua hilo, maana alitulalamikia pale pale kwenye foleni. Hatukujua lilikuwa na uhusiano na kipimo.

Angeweza kunyamaza. Miaka kumi ilikuwa imepita na hakuna aliyekuwa akiuliza. Badala yake alisimama kwenye mkutano mkuu wa mwaka ule, akavua kofia, akaanza kusema kwamba amemsingizia ndugu yake. Hakufika mbali. Mwenyekiti alimkatiza kwa wimbo. Baadaye ofisini, mlango ukiwa wazi na mimi nikisikia, alimwambia: "Mzee, hiyo maneno ilishaisha. Mungu alisamehe kitambo. Wewe ni nani unachimbua? Kila mwenye alirudishiwa maziwa atakuja hapa kutusumbua." Mzee Kigen aliomba barua moja tu yenye muhuri, inayosema Kimaiyo hakuwa mwizi. Alinyimwa. Ameiomba kila mwaka tangu hapo, mara sita, na mara sita amejibiwa kwa maombi.

Nimechukia kuona msamaha ukitumiwa kama kifuniko cha sufuria. Waliokosewa wanaambiwa wasamehe, waliokosea wanaambiwa wamekwisha samehewa, na jina la mtu linabaki limechafuka. Yesu alifundisha kwamba ukikumbuka ndugu yako ana jambo nawe, uiache sadaka yako pale pale, uende mpatane kwanza. Mzee Kigen alifanya hivyo hivyo. Miaka sita hii hajashiriki Meza ya Bwana. Sahani ikifika kwake anaipitisha. Mchungaji alimwambia anazidisha, na wazee wakanong'ona kwamba huenda ana mke wa pili mahali.

Na kila Jumamosi anaenda Kiamunyi. Anasimama langoni, anabisha, anasubiri nusu saa, anarudi. Kimaiyo alitoka mara moja tu, Desemba iliyopita. Mzee Kigen alinieleza alivyoambiwa, na sijaweza kuyasahau maneno hayo: "Ulinimwaga mbele ya watu wote. Sasa unataka kunizoa huku nyuma ya geti, mtu asione. Enda uniseme pale ulinisemea." Kisha akafunga lango.

Sasa nafika kwenye sherehe ya leo. Bodi imemwandalia Mzee Kigen cheti chenye fremu ya dhahabu, na juu yake pameandikwa "Uaminifu". Alipoulizwa angependa zawadi gani, alisema hataki godoro wala toroli. Alitaka ile barua isomwe leo, hadharani, na Kimaiyo aalikwe asikie. Walimjibu kwamba siku ya furaha isichanganywe na mambo ya zamani. Akarudi kuosha vipimo vyake. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Ukurasa wa mambo mazuri niliuandika, mwenyekiti akaupitisha, na uko ofisini kwake. Huu mlioshika nimeuchapisha mwenyewe mjini Nakuru, nami ndiye niliyewagawia mlangoni kabla mwenyekiti hajafika. Kama kesho sitakuwa na kazi, tutajua ile sala ya Jumatatu ilikuwa na uzito gani.

Basi yasomwe na kila mtu. Maziwa ya Mzee Kimaiyo ya tarehe 11, 12 na 13 Agosti 2009 hayakuwa na maji. Yalikuwa ya moto tu, yametoka kukamuliwa. Aliposema hajaongeza hata tone, alikuwa anasema kweli. Kigen alikosea kwa kutojua, na alipojua alikiri. Mimi niliandika jina la Kimaiyo ubaoni, na kwa miaka sita nimejua ukweli nikaendelea kupokea maziwa. Bodi ilijua ikaficha. Mzee Kimaiyo, tunakuomba msamaha, na huna deni kwetu, hata la kutusamehe.

Mzee Kigen, asante kwa miaka thelathini na minne. Ulituonyesha Injili inavyofanya kazi, na hatukuipenda. Tunakutakia uzee wenye afya, ng'ombe wenye maziwa mengi, na amani, hasa ile ambayo sisi wenyewe tulikunyima.

Jumamosi hii usiende Kiamunyi peke yako. Nitakungoja stendi ya Rongai saa mbili asubuhi na karatasi hii mkononi. Tukifika, nitabisha mimi.