Bibi Nicanora Calpanchay na Kitovu Alichokizika Peke Yake

Ndugu waombolezaji, usiku wa kuamkia tarehe 9 Juni 2023 kengele ya lama, mnyama wetu wa sufu na mizigo, yule anayeongoza kundi, ililia zizini, ikalia tena, na kabla sijamfunga mtoto mgongoni simu ya hospitali ikaita, bibi yetu Nicanora Calpanchay amefariki.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1939 katika zizi la Vega Amarga, nchi gani hasa ndipo ninapochanganyikiwa, maana babu yake alizaliwa papo hapo pakiitwa Bolivia, baba yake pakishikwa na Chile, yeye akazaliwa Argentina katika jimbo la Andes, nalo likavunjwa akiwa na miaka minne, cheti chake kinasema Salta, na akiulizwa alijibu, "Mimi sijahama, mwanangu, waulizeni hao wanaohamahama na mipaka yao."

Alisoma San Antonio de los Cobres mwaka 1948 na 1949, akaacha ili achunge, akafuma, akapeleka chumvi mabondeni kwa punda na kurudi na mahindi.

Tarehe 3 Mei 1961 aliolewa na Fortunato Salva wa Socaire, ng'ambo ya mpaka upande wa Chile, wakajaliwa watoto wanne, na mabomu yalipotegwa njiani mwaka 1978, nchi hizo mbili zilipokaribia kupigana, wawili walibaki huku, wawili kule.

Mwanangu Elián alipozaliwa Machi mwaka huu, wajomba zangu wa huku na wa kule waligombea kitovu chake kizikwe kwao, maana kilipozikwa kitovu ndipo kwao mtu, "Huyu wetu!", "Wenu tangu lini, hata mbuzi wenu wanakunywa maji yetu!", mtoto akashikwa na homa, tukajua kitovu kinavutwa huku na huku, ndipo marehemu akakifunga kwa sufu nyeusi ya lama, akatoka nacho peke yake alfajiri, akakizika asikojua mtu, na homa ikashuka.

Mwezi Mei mapafu yalimzidia, akalazwa, na siku ya mwisho alininong'oneza mahali penyewe.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda, na wafumaji wenzake.

Wajomba zangu, tangu jana mnaniuliza, huyu kwa upole, yule kwa kunikaba mkono, nami naogopa, naogopa sana, mtoto mwenyewe ndiyo kwanza anaanza kucheka, lakini ardhi ikupokee kwa upole, bibi, ulale bila wasiwasi, nitamwambia mwenye kitovu siku atakapouliza kwa kinywa chake, mtu mwingine simwambii.