Alcide Guidroz, Aliyeandika Majina ya Walio Bora

Marehemu Alcide Joseph Guidroz alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Church Point, Louisiana, mtoto wa kwanza kati ya sita wa Ovide na Eula Guidroz. Mimi Verna, ninayesoma haya, ndiye wa mwisho. Mama alisimulia kwamba siku moja alimtuma kuhesabu mayai bandani. Akarudi na idadi ya mazima, idadi ya yaliyopasuka, na jina la aliyeyapasua. Jina lilikuwa la baba.

Alisoma hapahapa, akamaliza sekondari mwaka 1969. Katika timu ya besiboli ya shule alikuwa mchezaji wa akiba miaka minne, na mpira aliugusa mara mbili. Kocha alipochoka kumtazama amekaa alimpa kitabu cha alama, na hapo Alcide akapata kazi yake duniani.

Kazi ya mshahara ilikuwa kwenye kinu cha mpunga, Crowley, alikopima malori kuanzia 1970 hadi alipostaafu 2013. Lakini nyie mliojaa humu hamkumjua kwa mizani. Mlimjua kwa misimu arobaini na minne aliyokaa kwenye kiti cha mwandishi wa alama juu ya uwanja wa besiboli wa Chuo cha Belrose, penseli mkononi, akiamua kila mpira. Mpigaji akifika besi, kile kituo cha kukimbilia, kwa uwezo wake, anaandikiwa pigo. Akifika kwa sababu mdakaji ameboronga, linaandikwa kosa la mdakaji, na mpigaji hapati kitu. Ila mpira ukiwa mgumu kupita uwezo wa kawaida, hakuna kosa. Kila Mei waandishi wa alama wa vyuo vinane walikutana kuchagua wachezaji kumi na wawili bora wa msimu, na marehemu ndiye aliyeunguza majina yao kwenye magongo ya kupigia, kwa waya wa moto, kule bandani kwake. Siku ya karamu, wakati watu wanagombea supu ya gumbo, yeye alikuwa anakagua herufi.

Tarehe 14 Juni 1975 alimwoa Odile Arceneaux. Wifi yangu anasema alipoposwa ilibidi amtoe bwana penseli sikioni kwanza. Walijaliwa Renée na Lucien.

Sasa nifike pagumu. Tarehe 7 Mei 2017, mechi ya mwisho ya msimu, mwanangu Dane, aliyechezea Belrose, alihitaji pigo moja tu aingie kwenye wale kumi na wawili. Aliupiga, mdakaji akaukosa, Dane akafika besi. Mjomba wake akaandika kosa. Gongo lile likaunguzwa jina la kijana wa chuo kingine. Nilimfuata kaka yangu mpaka kwenye gari lake.

"Ungekuwa mgeni ungempa," nilimwambia.

"Ningekuwa mgeni ningeandika hivihivi, ila usingenifuata kwenye gari," akajibu.

Sikumsemesha karibu miaka minane. Tulikaa kanisa hilihili, mimi kushoto, yeye kulia. Krismasi nilituma pai kwa Odile nikiandika juu yake, "Ya Odile."

Septemba iliyopita madaktari walimkuta na saratani ya kongosho. Mimi bado nikajikaza. Januari Dane alikuja kwangu, akakaa jikoni, akasema, "Mama, lile lilikuwa kosa. Yule mdakaji alishaushika, ukamponyoka. Nilijua kabla sijafika besi."

"Na miaka yote hii umenyamaza?"

"Jioni ileile nilimwambia Mjomba ameandika sawa. Wewe ulikuwa unanitetea vizuri sana, nikaona aibu kukukatiza."

Jumapili ya tarehe 26 Januari nilibeba supu nikaenda. Alikuwa amebaki mifupa na miwani. Alinitazama nilivyosimama mlangoni.

"Mdogo wangu, kama umekuja kukata rufaa ya alama, muda ni saa ishirini na nne baada ya mechi."

"Nimekuja na supu. Nyamaza unywe."

Alikunywa vijiko vitatu. Nikamwambia achukue kitabu chake, hiyo miaka minane aandike kosa langu, maana mpira ulinijia mikononi nikauachia. Alifikiri kwa muda mrefu, kama alivyofikiria kila mpira. Nyote mnajua huyu mtu hakuwahi kumpendelea ndugu.

"Mama anamwona mwanawe amenyimwa," akasema. "Ule mpira ulikuwa mgumu, Verna. Hakuna kosa."

Nilienda kila siku baada ya hapo. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 11 Februari 2025, asubuhi, siku tatu kabla ya mechi ya kwanza ya msimu, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Odile, watoto wawili, Renée na Lucien, wajukuu watano, mimi, dada yake pekee aliyebaki kati ya sisi sita, mpwa wake Dane, ambaye Ijumaa hii atakaa kwenye kile kiti juu ya uwanja, na majina mia tano na ishirini na nane kwenye magongo yaliyotundikwa sebuleni kwa watu, hakuna hata moja lililowekwa kwa upendeleo.

Penseli tumemwekea mfukoni, imechongwa. Mungu ampumzishe kwa amani kaka yangu, na amhukumu kwa upole ule alionihukumu mimi.