Mama Bado Anaikabidhi Simu

Baada ya miaka ishirini na saba katika hospitali yetu, Mama Bado wa dawati la bima anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Alianzia mapokezi, akahamia duka la dawa, kisha akapewa kile chumba kidogo mkabala na maabara, chenye meza, simu ya mezani na kiti kinachoyumba ambacho kwa miaka yeye pekee ndiye aliyekiweza. Kazi yake ilikuwa kuzishawishi kampuni za bima zilipie dawa ghali ambazo mgonjwa hawezi kujinunulia. Jina alipewa na wagonjwa wenyewe. Mtu akija kinyonge kusema bima wamekataa, Mama humjibu kwa neno moja tu, bado, kisha huvuta kiti na kuinua simu.

Hakuwa mgomvi. Maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, naye alianza kwa kuwaulizia wale wa bima hali zao, watoto wao na mafua yao, ndipo agusie dawa. Wakimwambia asubiri, alisubiri. Ule muziki wao wa kusubirisha watu umelia humu hadi wafanya usafi wanaupiga mluzi wakideki. Siku moja mumewe alipiga simu kuulizia ufunguo wa nyumba, Mama akamwomba nambari ya uanachama na tarehe ya kuzaliwa. Mzee wa watu akazitaja zote bila ubishi.

Lakini sisi tunamkumbuka zaidi kwa fundi cherehani mmoja, mama ambaye ugonjwa wa viungo ulimkunja vidole hata mkasi ukamshinda. Daktari alimwandikia sindano ambayo dozi moja inaizidi bei cherehani yake. Bima walikataa mara mbili, wakitaka aanze na vidonge vya bei nafuu. Vidonge hivyo alikwisha kuvimeza kwingine, vikamharibu ini. Mama Bado akamwomba daktari wa bima jambo moja tu, amtazame fundi huyo kwa video akifunga kifungo cha blauzi yake. Tulisimama mlangoni tukitamani kumsaidia, Mama akatuzuia kwa jicho. Kifungo hakikufungika. Kibali kilitoka wiki ile ile, na Mama Bado, ambaye hatukuwahi kumwona akilia, alilia mbele yetu bila aibu.

Leo amekuja na gauni lililoshonwa na fundi huyo, lenye vifungo kuanzia shingoni hadi magotini. Asubuhi fundi alifika kwake akamfungia vyote mwenyewe, na hakutaka msaada.

Kibali cha fundi huyo ni cha mwaka mmoja, na mwezi ujao kinaisha. Tunajua hilo linakunyima raha, Mama. Asante kwa kila uliyempigania. Nenda ukapumzike na mzee wako, afya iwe tele na usingizi uwe mtamu. Kiti tumeshakizoea, simu tutapiga, na wakikataa, jibu tunalo: bado.