Aroni Kalinga na Barua ya Toba

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu na majirani, naitwa Damari, mtoto wa mwisho wa marehemu, kaka zangu wamechoka ndiyo maana nasoma mimi, na mimi pia nimechoka, mnisamehe nikienda haraka, huyu mgongoni anataka kunyonya.

Baba yetu Aroni Kalinga alizaliwa tarehe 9 Juni 1957 Kidabaga, Iringa, akasoma hapohapo hadi darasa la saba mwaka 1973, mwaka 1985 akaajiriwa kiwanda cha karatasi Mgololo, mwaka 1988 akafunga ndoa na mama yetu Esnath, wakajaliwa watoto wanne, na alipoacha kazi mwaka 2006 wakahamia hapa Rujewa kulima mpunga, akawa anafundisha darasa la kipaimara.

Mwaka 2019 mwanafunzi alimuuliza Injili ya Marko aliiandika nani, baba akajibu kwamba ndani ya kitabu chenyewe mwandishi hakujitaja, jina lililoko juu waliliweka watu wa baadaye, labda walijua, labda walikisia, na yeye anaiamini hivyohivyo. Mzee mmoja wa kanisa aliposikia akamwambia mbele za watu, "Mwalimu, kesho utatuambia hata Yesu hatumjui jina," watu wakacheka, ila baraza la wazee halikucheka, akatengwa mpaka aandike barua ya toba, naye akakataa, akasema hawezi kutubu kitu alichokisoma kwa macho yake, miaka mitano akakaa benchi la nyuma bila meza ya Bwana.

Tarehe 3 Mei 2024 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukafa, sauti ikaondoka, tukamlaza hospitali Mbeya, nami nikaogopa, kwa sababu aliyetengwa hapa kwetu huzikwa bila mchungaji wala kengele, na mama asingeyaweza hayo. Ile barua ya toba iliyosomwa ibadani mwezi Juni mkapiga makofi, niliiandika mimi, kidole gumba chake nilikipaka wino nikakigandamiza akiwa amelala, mama ndiyo kwanza anasikia sasa hivi, baba hakutubu, alifariki tarehe 21 Agosti hajui kama amerudishwa kundini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, wenzake wa Mgololo mliokodi gari mkaja.

Mchungaji, kengele imeshagongwa, kama ni kuvua joho vua, tutamzika wenyewe, ila barua ile itoeni kwenye faili la usharika.

Baba, pumzika sasa kwa amani, nimeshawaambia hawa waliokuja kukuzika kwamba hukutubu, sitamwambia mtu mwingine.