Pikipiki ya Breki na Chumvi ya Kompyuta

Benchi la pale kona lina miguu mitatu. Wa nne ni tofali, na anayekaa upande wa tofali hacheki kwa nguvu. Leo alikaa hapo Breki, dereva wa pikipiki ya kukodi, roho juu. Pikipiki yake ya petroli, inayolisha nyumba nzima, alikuwa anaiuza ili anunue ya betri, na mnunuzi alikuwa njiani. Hofu yake ya betri kuzeeka upesi aliiondoa Mzee Spika, ambaye binti yake ni mtafiti wa betri. Binti, alisema Spika, kapata chumvi ya ajabu. Kompyuta imepekua chumvi maelfu, ikachagua moja. Ukiitia kidogo kwenye umajimaji wa ndani ya betri, betri haichoki wala haishiki moto.

— Na chumvi yenyewe ni majimaji, bila tone la maji.

— Chumvi gani hiyo ya kumwagika, mzee wangu?

— Kama mafuta ya kupikia, mwanangu.

Fundi Redio, asiyekubali kupitwa na kitu chochote chenye waya, akasema hiyo anaijua: ni ya kijani, inanuka kama soksi. Shangazi, mwenye birika la kahawa, akapinga. Ya kijani ni ya zamani, hii mpya haina rangi. Spika akaongeza kwamba betri ikishaonja chumvi hiyo, itajichaji kwa joto la makalio ya dereva. Fundi akasema basi abiria mnene apandishwe bure. Birika lilipofika nusu, pikipiki mpya ya Breki, kwa maneno yao, ilikuwa inawauzia majirani umeme yeye akiwa amelala. Breki akameza yote, sukari juu.

Mnunuzi akafika, mtu mpole. Akapewa ufunguo, akaizunguka pikipiki huku akisikiliza sifa za chumvi.

— Samahani wazee wangu. Hiyo chumvi, nani ameshaiona?

Fundi akamtazama Spika. Shangazi akaanza kufuta birika safi. Spika akampigia binti kumuuliza, simu wazi wote wasikie.

— Shikamoo baba. Kuiona? Hata mimi sijaiona. Bado iko kwenye kompyuta. Kuitengeneza na kuijaribu hatujaanza.

— Lakini ni ya kijani, mwanangu?

— Baba, mnakunywa nini hapo?

Breki akauchukua ufunguo mkononi mwa mnunuzi taratibu, kama anamnyang'anya mtoto kisu.

Mnunuzi akajiketia, akaomba kahawa.

— Mdomo wangu huu, akasema. Ningeufunga tu, saa hizi niko nyumbani na pikipiki.