Kofia ya Luciana na Kikao cha Kaengesa

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja hapa Kaengesa, mimi ni Eustace Kalisti, mdogo wake marehemu wa kumfuata, familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, na nitayasoma yote, pamoja na ile sehemu ambayo jana jioni wazee wawili waliniomba niiruke.

Marehemu Luciana Kalisti alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 hapa hapa Kaengesa, mtoto wa tatu kati ya saba, akabatizwa mwezi uliofuata, na tangu utotoni alikuwa mnene kiasi, kila mgeni alimshika mashavu akimsifu mama yetu kwamba anajua kulea, mama akafurahi, akamwongezea uji wa ulezi, na hivyo ndivyo safari yake ilivyoanza. Alisoma shule ya msingi ya misheni kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, kisha masista wakamfundisha mapishi na ushonaji kwa miaka miwili, ushonaji haukumkaa, mapishi yalimkaa.

Mwaka 1986 aliajiriwa jikoni katika shule moja ya bweni, akafanya kazi hiyo hadi mwaka 1998, alipohamia Sumbawanga mjini na kuanzisha na wenzake kikundi cha wapishi wa sherehe, kikundi ambacho kimepika harusi, kipaimara na upadrisho kuanzia Muze hadi Kasesya, na sidhani kama kuna mtu chini ya turubai hili ambaye hajala chakula cha mkono wake. Alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Adolfu, fundi seremala, tarehe 10 Oktoba 1992, wakajaliwa watoto wawili, Lydia aliyezaliwa mwaka 1994, sasa ni mwalimu Mbeya, na Nestory aliyezaliwa mwaka 1997, na ameacha wajukuu watatu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa, nawaomba wanaonong'ona kule nyuma wanyamaze kidogo, chakula kipo, kitagawiwa baada ya mazishi, hakuna atakayekosa.

Mwaka 2022 Luciana aligundulika kuwa na ngiri ya kitovu, ugonjwa ambao utumbo unapenya kwenye tundu la misuli ya tumbo, na dawa yake ni kushonwa. Daktari wa upasuaji alimpima, mizani ikasoma kilo mia moja ishirini na nane, akamwambia kwa upole kwamba kwa uzito ule kulazwa usingizi ni hatari, apungue kwanza hadi chini ya mia na tano ndipo amshone, na asichelewe, kwa sababu siku utumbo ukibanwa mle ndani itakuwa jambo la kufa na kupona. Dada yangu alijaribu, Mungu ni shahidi, lakini jaribu wewe kupunguza kula huku kazi yako ni kuonja masufuria ya watu.

Mwanzoni mwa mwaka 2024 Lydia alisikia kwamba Mbeya kuna madaktari wanafanya utafiti wa kutibu unene kwa kuunganisha mambo mawili, akamwandikisha mama yake, na Luciana akaanza tarehe 8 Aprili. Jambo la kwanza ni kofia yenye nyaya mbili na sponji zilizoloweshwa maji ya chumvi, zinazowekwa juu ya paji la uso kupitisha umeme hafifu sana, hakuna kupasuliwa wala kuchomwa sindano, unakaa kwenye kiti dakika ishirini, unaamka unaondoka, nia yake ni kuiamsha sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia. Jambo la pili ni chakula, ugali wa ukubwa wa ngumi yake, maharage, mboga za majani, samaki asiyeelea kwenye mafuta, soda hakuna. Nimewaeleza watu wa ukoo huu mpaka sauti ikanikauka kwamba mambo hayo yanakwenda pamoja, na bado kuna aliyeniuliza kama Luciana anaweza kuazimwa ile mashine aje nayo nyumbani, ale kama kawaida.

Alipungua. Tarehe 20 Julai 2024 alikuja hapa kwenye harusi ya mtoto wa marehemu kaka yetu, akiwa na kilo mia moja kumi na tatu, zimebaki nane na kidogo tu, gauni linampwaya, anapanda ngazi za kanisa bila kushikwa mkono, amefurahi, na badala ya kumpongeza mliangua kilio. Mlisema Adolfu anamnyima chakula. Mlisema ana ugonjwa anaouficha. Shangazi Marsiana, shikamoo yake, alimletea kuku mzima na kusimama pale pale mpaka amwone anameza, na kwetu sisi unajua maana ya kukataa chakula cha shangazi mbele ya watu.

Kesho yake baada ya misa kikaitishwa kikao, baba mkubwa Maximilian akiwa mwenyekiti, ikaelezwa kwa uhakika kabisa, na watu ambao hawajawahi kuiona hiyo kofia, kwamba umeme unamla nyama za mwili na ukimaliza utahamia kwenye akili. Nilisimama nikaambiwa nikae. Uamuzi ukawa kwamba harudi Mbeya, na dada yangu, ambaye kwa miezi mitatu alimudu kukataa maandazi, hakumudu kumkatalia baba mkubwa. Hawa ni watu wanaofunga Kwaresima kila mwaka na kuwahimiza wengine wafunge. Kufikia Krismasi alikuwa na kilo mia moja ishirini na saba, mkasema sasa amepona.

Jumapili tarehe 9 Machi 2025 alianza kutapika na tumbo likakaza, akakimbizwa hospitali kule Sumbawanga mjini, utumbo ulikuwa umebanwa na sehemu yake imekwisha kufa, madaktari wakalazimika kumpasua kwa uzito ule ule waliouogopa, na Jumanne tarehe 11 Machi, alfajiri, akafariki.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania. Tunawashukuru wapishi wenzake, ambao leo wamepika huku wanalia. Tunamshukuru jirani yake Kulsumu, mwenye duka, ambaye kila asubuhi alimpitia watembee hadi stendi na kurudi, na katika ujirani wote hakumletea hata sahani moja.

Tunamshukuru pia Daktari Fahadi wa ule utafiti, aliyetupigia simu jana kutoa pole, na kwa kuwa tangu juzi nasikia tena kwamba aliyemuua ni umeme, nitawaambia aliyotuambia. Washiriki walikuwa makundi mawili, wote wanakula chakula kile kile, wote wanavaa kofia, lakini kwa kundi moja umeme unawasha ngozi kidogo mwanzoni kisha unazimwa, ili wapate kulinganisha, na wala mgonjwa wala muuguzi hajui nani yuko wapi mpaka mwisho. Hakusema kwamba umeme haufai, hesabu za wengine bado wanazifanya, ya marehemu ndiyo imefunguliwa. Alisema Luciana alikuwa kwenye kundi la kofia iliyozimwa.

Kikao chetu kilimwokoa dada yangu na umeme ambao haukuwapo, kikamrudisha kwenye sahani. Zile kilo kumi na tano hakuzitoa mtu mwingine, alizitoa mwenyewe, na kinachonichoma ni kwamba hakujua, maana kila Kulsumu alipomsihi aendelee na chakula kile kule kule nyumbani kwake, alimjibu kwamba hawezi, nguvu zote zilikuwa kwenye kofia.

Pumzika kwa amani, dada Luciana. Ulikuwa unaweza.