Mafuta ya Mgongo wa Mzee Vuai

Kijiwe chetu ni benchi la chuma nje ya stesheni ya Lidcombe, upande wa mabasi. Usilicheke, maana katika Sydney nzima ndipo mahali pekee ambapo mtu huniuliza nimelalaje kisha akangoja jibu. Kila Jumamosi asubuhi Saif huja na chupa ya kahawa chungu yenye tangawizi. Anaendesha foklifti, na kwa vile ana fatwa ya kila jambo tunamwita Sheikh Foklifti. Kariuki, Mkenya wa kompyuta, ni Profesa Gugo. Mimi naitwa Tanga tu, kazi yangu kusikiliza na kukasirika. Jumamosi hiyo Mzee Vuai, Muunguja na mkubwa wetu sote, alikaa taratibu kama anayeogopa kuvunjika, akatoa mfukoni kichupa kilichofungwa kwenye leso.

Alikuwa akilalamikia mgongo tangu alipoacha kubeba maboksi kule ghala la Ingleburn. Vidonge vimeshamharibia tumbo. Sasa daktari kamwandikia dawa mpya, na mkalimani wa kwenye simu alisita kidogo kabla ya kuitaja.

— Mafuta ya nini? Saif aliuliza.

— Ya bangi, Vuai alisema kwa sauti ndogo, utadhani wapita njia wa Lidcombe wanajua Kiswahili.

— Umri huu, Mzee Vuai?

— Ya daktari, bwana. Nayaficha kwenye kopo la mchele, na nyumbani niko peke yangu. Sijui namficha nani.

Hapo baraza likachangamka. Kariuki alichungulia simu yake akasema hii ni ile aina isiyolevya, watu wanaitumia kwa maumivu. Angeishia hapo tungemshukuru. Akaongeza kwamba ilianza kwa farasi wa mashindano pale Randwick, farasi wakapona, binadamu wakaona wivu. Saif hakukubali kushindwa. Alisema bangi ni bangi, ukijipaka inaingia kwenye ngozi, inapanda shingoni, na mtu anaweza kutoa salamu kabla hajamaliza rakaa.

— Mbaya zaidi ni mbwa wa polisi pale stesheni ya Central, Kariuki akasema. Buda, watakunusa, wakufuate mpaka kwako.

— Na waje, Vuai akajibu. Nitapata mgeni.

Tulicheka. Yeye alikuwa akiangalia kichupa.

Aliposema bado hajaona nafuu, Saif akaamua ni feki. Kariuki akasema labda ni ya farasi kweli. Nilikereka, maana hakuna aliyemuuliza mzee panauma wapi. Hata mimi sikuuliza.

Ndipo akasimama mbele yetu mwanamke mwenye sare ya uuguzi, macho mekundu ya shifti, anabadilisha treni. Akasema anaitwa Nkatha, kwao Meru, na amesikia Kiswahili akashindwa kupita. Saif akammiminia kahawa. Nkatha alisikiliza mabishano kidogo, kisha akamgeukia Vuai.

— Na ni nani hukupaka, mzee?

Saif akakohoa. Kariuki akarudi kwenye simu yake.

— Najipaka mwenyewe, Vuai alisema. Pale ninapofika.

— Na kwenye uchungu?

— Ni hapa katikati ya mabega. Hapafikiki.

Sote tulijua zamani nani alikuwa akipafikia. Marehemu mkewe, Fatma, alikuwa akipasha mafuta ya nazi yenye karafuu na kumchua kila jioni, huku akimgombeza kwa kubeba mizigo kama kijana. Tulimzika hapa hapa Sydney. Binti yao, Alya, yuko Melbourne. Humpigia simu baba yake, huyu anauliza kwa Kiswahili, yule anajibu kwa Kiingereza.

Nkatha aliomba kichupa, akakifungua. Ndani ya kifuniko mlikuwa na kijibomba cha kudondoshea matone. Akatabasamu.

— Mzee, haya si ya kupaka. Unadondosha chini ya ulimi.

Kariuki aliangua kicheko. Saif naye. Lakini mtu wa pwani ukimwambia ana mafuta ya mgongo, ataelewa nini zaidi ya kuchua? Mimi mwenyewe ningeyachua. Vuai hakucheka.

— Kwa hiyo hayahitaji mtu wa pili?

— Hata! Unajiwekea tu mwenyewe.

Alisema hivyo kwa furaha, kama mtu anayetoa habari njema, na kwa mgongo zilikuwa habari njema. Mzee Vuai alikipokea kichupa, akakikaza kifuniko, akaanza kukifunga tena kwenye leso.

— Leo nilikileta makusudi, alisema. Nilitaka kumwomba mmoja wenu aje nyumbani anichue. Njia nzima nilikuwa nawaza nitaanzaje.

Treni ya Nkatha ikatangazwa. Alimshika mzee bega, akasema pole, akakimbia.

— Basi hakuna kati yenu mwenye yale ya kawaida? Vuai aliuliza. Yale ya kuchua?

Kariuki alimtazama Saif, Saif akanitazama mimi. Kisha Saif akainua ile chupa ya kahawa na kuiinamisha juu ya kikombe cha mzee, na hakikutoka kitu.